Dirisha la Mwalimu Kibwana

Harufu ya tapentaini ikichanganyika na maranda ya mbao yaliyoloa mvua hunishika popote ilipo na kunirudisha nyuma. Imewahi kunikuta katika nchi ya baridi, kwenye ngazi za chuo, fundi akipiga rangi mlango nami nimebeba vitabu, koti limenifika magotini. Palepale nikajikuta nina miaka tisa, nimekaa juu ya debe lililopinduliwa katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yangu, mtaani Keko, naitazama sufuria. Nje mafundi seremala wanapiga randa, maranda yanaruka hadi kizingitini petu, na mvua ya masika inanyesha juu ya bati kwa kishindo ambacho mtu akisema nawe huna budi kumtazama midomo. Kwangu haikuwa shida. Hakukuwa na mtu wa kusema nami.

Niseme mapema, maana silionei haya: mimi ni mchoraji mwenye stashahada. Niliipata ng'ambo kwa jasho langu, bila mjomba ofisini wala barua ya mkubwa yeyote. Darasani nilikuwa Mwafrika peke yangu, na siku ya matokeo jina langu lilibandikwa juu ya majina yote. Tangu nirudi nimechora majaji, maaskofu na wake za mabalozi, na picha zangu zimetundikwa katika nyumba ambazo mlinzi hufungua lango kwanza ndipo uulizwe unamtaka nani. Watu huniuliza nilijifunza wapi kuchora uso hata ukatamani kuusalimia. Mimi huwaonyesha cheti ukutani, kwa sababu cheti hueleweka haraka. Lakini cheti kilinikuta najua. Nilijifunza Keko, enzi za Mwingereza, kwa mtu ambaye hakuwa na karatasi yoyote yenye muhuri, na nilijifunza kwa sababu moja tu: nilikuwa namsahau mama yangu.

Baba alifanya kazi ya reli, na reli ilimweka bara miezi na miezi. Yeye na mama walikuwa wameachana ningali mdogo. Mama akabaki kwao Kimbiji, akaolewa tena. Nilipofika umri wa shule, baba alinichukua akanipeleka kwa dada yake, Shangazi Mwanaidi. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nyumba yake ya vyumba sita na sauti iliyowatosha wapangaji wote. Hakunitesa. Nilikula vizuri, nilisukwa kila Ijumaa, na sare yangu ilipigwa pasi kuliko ya mtoto yeyote wa mtaa ule. Ila alikuwa na sharti lake. "Kimbiji huendi mpaka utulie," alisema. "Ukimwona mama yako leo, kesho kalamu hutaishika." Kwa hiyo nilitulia. Nilitulia hata watoto wenzangu wakanizoea kama mtu anavyozoea kiti kisichokaliwa. Waliniita Mkimbiji, wakacheza rede uani, na mpira ukija kwangu walisema, "Tupie huku," basi.

Jioni moja, nikiwa nimejilaza mkekani, nilifumba macho ili nimwone mama kama nilivyozoea. Mikono yake ilikuja, na kovu dogo la kisu kwenye kidole gumba. Kanga yake ilikuja, na mafuta ya nazi aliyojipaka. Uso haukuja. Nikajaribu tena, na safari hii ukaja uso wa Shangazi juu ya mabega ya mama. Niliketi kitako. Nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja. Siku zile mwanamke wa shamba kupigwa picha ilikuwa habari ya kusimuliwa. Hakuna nilichoogopa utotoni kuliko jioni ile, hata ndui.

Katika chumba cha mbele alipanga mtu aliyeitwa Mwalimu Kibwana. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye kofia ya kazi iliyojaa madoa ya rangi na miwani iliyofungwa uzi sehemu moja. Ujanani alikuwa ameajiriwa na bwana mmoja wa kilimo kumchorea majani na wadudu, mmoja mmoja, kila unywele wa mguu wa panzi ukihesabiwa. Baadaye akachora mapazia ya nyuma kwa wapiga picha wa mjini, kisha akaacha kuandikwa kazi na mtu, akafungua darasa lake palepale Keko. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa karakana walioingia wakimaliza kazi, na aliyekuwa akisikika zaidi aliitwa Chande, kijana wa kuchonga miguu ya vitanda. Walichora kwa vijiti vya mkaa alivyovichoma Mwalimu mwenyewe ndani ya kopo la sigara, juu ya karatasi za mifuko ya saruji zilizopasuliwa na kunyooshwa, na kufutia walitumia kiini cha mkate.

"Chande, umekula kifutio tena?" Mwalimu aliuliza siku moja.

"Mwalimu, nimekosea kidogo tu leo. Nikaona kitachacha."

Chumba kilikuwa na dirisha moja la mbao, lililotazama njia. Ukuta wa pili ulibanana na nyumba ya jirani. Mwalimu aliwapanga wote kwa namna moja: dirisha mkono wa kushoto, ili kivuli cha mkono unaochora kisianguke juu ya karatasi. Mbele yao kulikuwa na kibao, na juu ya kibao kitu kimoja: birika, muhogo, kiatu cha askari, sufuria. Nyuma ya kitu, ukuta mtupu. Hapo ndipo kitu kilikaa wiki nzima, pengine mbili. Nilikuwa nikipita na ndoo ya maji nikiwatazama watu wazima wakikodolea muhogo kama unaotaka kusema, na nikidhani wamerogwa.

Siku aliyokuja Bwana Gulamu ndiyo iliyonifungua macho. Bwana Gulamu alikuwa Mhindi wa madhehebu ya Ithnaashari, mwenye duka la nguo na kandili pale njia panda, mtu mpole aliyekuwa akitugea peremende bila kuombwa. Baba yake alikuwa amefariki Bara Hindi, na hakuwa na picha yake. Alitaka ichorwe kubwa, iwekewe fremu ya mninga, itundikwe juu ya kaunta.

"Mwalimu, mie nitakwambia kila kitu," alisema. "Pua hivi, ndevu hivi, hapa kipara. Wewe chora tu."

"Bwana Gulamu, nikichora pua uliyoniambia nitakuwa nimechora mdomo wako, si pua ya mzee. Mimi sichori mtu niliyesimuliwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Macho yangu hayajamwona. Nikikupa mtu mwingine ukamtundika dukani, utamwamkia kila asubuhi, na baada ya mwaka baba yako halisi atakuwa amekutoka kabisa."

Bwana Gulamu alifuta macho kwa ncha ya shati lake, akapeana naye mkono na kuondoka. Vijana walimlaumu Mwalimu kwa kuiacha kazi nono namna ile. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo yangu, maji yananimwagikia miguuni, maana ombi lile lilikuwa langu. Nilikuwa nimeliweka moyoni siku nyingi nikisubiri ujasiri: kwamba nimsimulie Mwalimu uso wa mama yangu, kidogokidogo, naye amchore kabla hajanipotea. Sasa nilijua jibu. Hata hivyo niliingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Maji yako yanakwisha."

"Mwalimu, nifundishe mie nimchore mama."

Hakucheka. Chande alicheka, akanyamazishwa kwa kutazamwa. Mwalimu aliniuliza mama yuko wapi, nikamwambia. Akaniuliza namkumbuka vipi, nikasema mikono. Akapindua debe, akaligonga mgongoni, akaniambia niketi. "Utachora sufuria hii," alisema. "Siku nitakapoitia maji nisione inavuja, tutazungumza habari ya mama yako."

Ndiyo ikawa masika yangu yote. Nikitoka shule nilifanya kazi za Shangazi mbio, kisha nikaketi. Wiki ya kwanza Mwalimu hakuniruhusu kushika mkaa, nilitazama tu. Wiki ya pili nilichora, na kila nilichochora alikigeuza chini juu akaniuliza kama hiyo ni sufuria au kofia ya padri. Alinifundisha kuona kwamba ukingo wa sufuria hauna mstari, ni mahali mwanga unapokoma. Alinifundisha kwamba kivuli kina rangi zake, na kwamba sehemu iliyo nyeusi kabisa haiko mbali na iliyo nyeupe kabisa. Miaka mingi baadaye niliyasikia hayohayo chuoni, kwa Kiingereza, wenzangu wakiandika haraka kwenye madaftari, mimi nimekunja mikono. Profesa aliniuliza mbona siandiki. Nikamjibu kwamba nilishayapata, na nilikuwa nasema kweli.

Lakini upweke haukupungua, ulibadilika tu. Zamani nilikuwa peke yangu nikiwatazama wenzangu wakicheza. Sasa nilikuwa peke yangu nikiitazama sufuria, na angalau sufuria ilinitaka. Kila nikilala nilimtafuta mama, na kila siku alikuwa na uso mdogo zaidi: mara nyusi tu, mara jino lililopandana, mara hakuna. Nilichora kwa kasi ya mtu anayekimbiza maji kwenye mchanga. Masika yakaisha, upepo wa baridi ukaanza, na Alhamisi moja Mwalimu alishika karatasi yangu, akaisogeza dirishani, akaitazama muda mrefu. Kisha akachukua kata ya maji kutoka mtungini, akaiinamisha juu ya karatasi kama anayetaka kumimina. Hakumimina. Alirudisha kata, akavaa kofia yake safi, akavuka ukumbi kwenda kwa Shangazi.

"Bi Mwanaidi, nakuomba mtoto siku mbili."

"Kumpeleka wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani ya mtoto wa miaka tisa?" Shangazi alikuwa akichambua mchele, na hakuinua kichwa. "Nyie wachoraji mnadhani mie sisikii? Nyumba yangu mwenyewe, kuta zangu mwenyewe. Mnataka kwenda Kimbiji."

"Ndiyo."

"Hajatulia."

"Bibie, huyu ametulia mpaka ananitisha," Mwalimu alisema.

Shangazi alipepeta ungo mara mbili, tatu. Kisha akasema kama ni kwenda, hamwachii mtu mtoto wa kaka yake. Atakwenda naye mwenyewe. Akaniambia nikatafute viatu.

Tulivuka kwa pantoni asubuhi ya Jumamosi, tukadandia lori lililokuwa linakwenda kupakia mbata za nazi. Mwalimu alikaa nyuma na ubao wa kuchorea ameukumbatia kama mtoto mchanga, Shangazi mbele na dereva, akimwelekeza kila shimo. Mimi nilikuwa na hofu moja kichwani, kwamba sitamtambua, na naieleza hapa kwa mara ya kwanza. Tulipofika kwa mama, uani walikuwako wanawake wawili, wa rika moja, wamejifunga kanga kwa namna moja. Mmoja anatwanga, mwingine yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikasimama. Sikujua nimkimbilie yupi. Haikuzidi pumzi mbili, lakini yule wa kwenye mbuzi alinitazama, akanielewa, na nikaona uso wake unabadilika. Akainua mkono wa kulia, kidole gumba juu, kama anayeonyesha nazi iliyomganda kidoleni. Nikaliona kovu. Nikakimbia.

"Wifi," mama alisema baadaye, ningali nimemgandama kiunoni, "leo umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimekuletea huyu, kanichosha kwa kunyamaza." Shangazi alivua viatu. "Na wewe umekonda, wifi. Mume hakulishi?"

"Ananilisha. Nakonda kwa kukukumbuka."

Walicheka wote wawili, na nadhani ndipo sharti la Kimbiji lilipofia, ingawa hakuna aliyelitangazia kifo.

Alasiri Mwalimu aliniweka juu ya kinu kilicholazwa, ubao magotini. Mama aliambiwa aketi palepale kwenye mbuzi yake. "Nikae hivihivi? Na nazi yangu?" aliuliza. Mwalimu akamwambia nazi itangoja. Nilichora mpaka jua likaelekea kushuka. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikitazama mara kumi na kugusa karatasi mara moja, na uso uliokuwa ukinikimbia miezi yote ulikaa ukanisubiri: nyusi, jino lililopandana, shavu lililoingia ndani kidogo. Mwalimu alitembea uani, naye akachora kibanda cha jiko katika daftari lake dogo. Nilipomaliza niliweka mkaa chini. Mama akaja nyuma yangu, akainama.

"Mie huyu," alisema taratibu. Akajigusa shavu. "Mie kabisa. Lakini mbona nipo ndani?"

Sikuelewa. Akaonyesha kwa kidole. Jua la alasiri lilikuwa mkono wangu wa kulia, limemwangaza upande huo. Katika karatasi, mwanga ulitoka kushoto. Na nyuma ya mgongo wake, palipokuwa na uwazi na minazi na kuku wa jirani, mimi nilikuwa nimeweka kivuli laini cha ukuta mtupu. Nilikuwa nimemtazama mchana kutwa, nyusi kwa nyusi, nikamketisha mahali pa sufuria.

Mwalimu Kibwana aliitazama picha, akalitazama jua. Kisha akafungua daftari lake. Kile kibanda cha jiko, alichokichora yeye mwenyewe kwa mkono uliohesabu nywele za mguu wa panzi, nacho kilikuwa kimeangazwa kutoka kushoto. Alifungua kurasa za nyuma, moja baada ya nyingine, akilamba vidole: ng'ombe wa mnadani, watu wa forodhani, mti wa barabarani. Wote walikuwa chumbani kwetu Keko. Sijapata kuona mtu mzima akiwa peke yake namna ile katikati ya watu. "Hilo kosa si lako," aliniambia hatimaye. "Ni langu." Nikafikiri nimeharibu, nikaanza kulia, nikachukua kiini cha mkate nifute.

Mama alinishika mkono. "Acha," alisema. "Hapo nilipo ni wapi?"

"Kwa Shangazi. Chumba cha mbele."

"Basi niache hukohuko. Nilikuwa nataka kujua unakaa wapi."

Tuliporudi, Mwalimu aliwageuza wanafunzi wote, dirisha likawa kuliani. Chande alilalamika kwamba anageuzwa kama chapati. Mwalimu aliwatoa nje, akawapeleka shambani Temeke, akawaketisha juani. Haikusaidia. Macho yao yaliona kulia, mikono yao ilikwenda kushoto, na wa kwanza kushindwa alikuwa yeye. Mwisho alikirudisha kibao mahali pake, dirisha likawa tena kushoto. Mimi niliendelea naye miaka saba zaidi, nikatoka kwa nguvu zangu mpaka ng'ambo. Huko, katika mwezi wa kwanza, profesa alisimama nyuma yangu akauliza: "Dirisha liko kulia. Mwanga huu umeutoa wapi?" Darasa zima likageuka. Nilijifunza upya, nikaumia, nikawapita wote. Leo naweza kuweka jua popote mteja anapolitaka. Mwalimu alifariki nikiwa hukohuko, na mama pia, mwaka mmoja baada yake. Barua zote mbili nilizisoma katika chumba cha watu, karibu na kipasha joto cha gesi, na hakukuwa na wa kumwambia aliyejua Keko ni nini.

Mwezi uliopita nilipita Keko kuagiza fremu. Makochi yamejaa barabarani, redio zinapiga kelele, na nyumba ya Shangazi imekuwa duka la vitasa. Kando ya duka kijana alikuwa anachora bango la kinyozi, uso wa mteja aliyenyolewa vizuri. Alasiri, jua kali, kulia kwake. Uso ule ulikuwa unaangazwa kutoka kushoto, kwa ulaini, na nyuma yake ukuta mtupu. Niliketi kwenye kochi la kuuzwa, nikamtazama.

"Mwanangu, mbona kivuli umekitia huku?"

"Ndivyo inavyochorwa, mama."

"Nani kakufundisha?"

"Fundi wangu, yupo Mtoni."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

"Sijui, mama. Wazee wa hapahapa."

Alifuta jasho akaendelea. Nilikaa pale nusu saa, na ndiyo mara pekee katika maisha yangu ya utu uzima niliyokaa na mchoraji muda huo bila kumwambia nimesoma wapi.

Nyumba yangu iko Mbweni, nimeijenga mwenyewe, na chumba cha kazi kina vioo pande tatu. Mwanga unaingia hata usipoualika. Watoto wangu wako mbali, kila mmoja na simu yake na saa zake. Ile karatasi ya mfuko wa saruji, iliyobaki kwa mama, niliichukua Kimbiji niliporudi baada ya msiba, nikaiwekea fremu ya mninga. Ni picha pekee ya mama yangu iliyopo duniani. Mara tatu nimeitoa ukutani nikashika mkaa, maana kwa ninayoyajua leo ningeweza kuurekebisha mwanga ule kabla chai haijapoa. Mara tatu nimeirudisha. Mwisho niliuzungukia ukuta mmoja baada ya mwingine, nikaitundika kwenye ukumbi, mahali ambapo dirisha liko kushoto kwa anayeitazama. Wageni wakiingia husema picha imekaa vizuri, mwanga wake na wa nyumba ni mmoja. Ninawaonyesha cheti, ninawapa chai. Wakishaondoka nafunga mlango, na mama yupo ndani.